Sauti ya Ijumaa

Jumatatu, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, mwalimu wa hesabu aliingia chumba namba nne na boksi lake la chaki akakuta somo limeshaanza. Wanafunzi tisini na sita walikuwa wamebanana kwenye madawati thelathini, wakinakili. Iliyokuwa ikifundisha ni sauti yake mwenyewe. Ilikuwa mbele ya ubao, kwenye kimo cha mdomo wake, ikieleza milinganyo bila hata kukohoa.

"Tangu saa ngapi?" aliuliza.

"Tumeikuta, mwalimu," alisema kiranja.

Hakuona ajabu. Miaka kumi na moja alikuwa amesema mambo yaleyale chumbani mle, kabla ya kengele ya asubuhi na baada ya wenzake kwenda zao, na maneno mengi kiasi hicho lazima yangeganda mahali. Kilichomkera ni kwamba sauti ilikuwa ya Ijumaa. Ijumaa alikuwa amechoka hoi, akahamisha saba upande wa pili wa mlinganyo bila kuigeuza alama, na jibu lililopaswa kuwa tano likawa kumi na tisa. Ngoja Kwanza ndiye aliyemkamata.

Ngoja Kwanza alikuwa binti wa fundi cherehani. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuacha kitu kipite asichokielewa, hata kama darasa zima limeguna. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza miezi minne, na shule ile haikuwahi kupeleka mtoto hata mmoja kwenye sekondari za vipaji maalumu. Mwalimu alikuwa ameapa kwamba huyu atakwenda.

Ijumaa ile alimshukuru, akasahihisha. Sauti ilishika kosa, masahihisho ikayaacha.

Mwalimu mkuu alisimama mlangoni akaisikiliza dakika tano, kisha akabadili ratiba. Chumba namba nne aliiachia sauti. Mwalimu alipewa vyumba viwili vilivyokosa mtu wa hesabu tangu mwaka juzi.

"Lakini inakosea, mkuu."

"Makosa mengi?"

"Moja. Kila siku."

"Wewe hukosei? Hii haiumwi, haifiwi, haiombi ruhusa. Tusiwe watu wa kulalamika, mwalimu."

Aliandika barua tatu, zikapokelewa vizuri na kuwekwa kwenye faili. Alijaribu kuingia na kufundisha juu ya sauti, lakini yenyewe ilikuwa imepumzika na yeye amekauka koo, ikamshinda mchana kweupe. Akaamua kumfundisha Ngoja Kwanza wakati wa mapumziko, kwenye ngazi za ofisi ya walimu.

Hapo napo pakaharibika. Kanuni ya shule ilisema anayeongea somo likiendelea aandikwe kwenye orodha ya wapiga kelele, na kiranja alikuwa mtoto mtiifu. Kila Ngoja Kwanza alipoinua mkono na kusema hiyo saba haijageuzwa, sauti iliendelea na jina lake likaandikwa. Adhabu ilikuwa kuokota takataka wakati wa mapumziko. Mwalimu alikaa kwenye ngazi peke yake wiki nzima, na ya pili, akimtazama akiinama uwanjani. Alitamani kumzaba mtu kofi, ila hakujua aanze na nani.

Wiki ya sita alikuja mkaguzi. Yeye, mwalimu mkuu na mwalimu wa hesabu walisimama nyuma ya wanafunzi.

"Kwa hiyo eksi ni ngapi?" sauti iliuliza.

"Kumi na tisa!" darasa likaitikia kwa pamoja, na Ngoja Kwanza alisikika kuliko wote.

Mkaguzi aliandika kwamba nidhamu ni nzuri sana. "Sauti safi hii. Ya nani?"

"Ya shule," alisema mwalimu mkuu.

Mapumziko yalipofika, binti alikuja kwenye ngazi. Siku hiyo hakuwa ameandikwa.

"Kwa nini umesema kumi na tisa?" mwalimu alimuuliza.

"Si wewe ndiye uliyesema, mwalimu?"

Mwalimu akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika mlinganyo, akamkabidhi kalamu. Binti aliihamisha saba upande wa pili kama ilivyo, akapiga mstari chini ya jibu, akauliza kama anaweza kwenda kucheza.