Mbegu ya Uji wa Tetu

Tok. Kifuniko cha mtungi wa uji kiligonga, kikanyamaza, kikagonga tena. Kulikuwa bado giza, na ukungu ulikuwa umefika hadi mlangoni.

"Cucu, unasikia?" mjukuu wangu Wakonyo akaniambia kutoka kitandani. "Hao wanapumua."

"Kina nani?"

"Bakteria wako. Wanakula sukari iliyo kwenye unga, wanatoa hewa, hewa inainua kifuniko."

Wakonyo anasomea bakteria chuo kikuu. Alikuwa amekuja na vichupa viwili: kimoja cha kuchukua uji mbichi kwenye mtungi wangu hapa Tetu, kingine cha ndoo ya nyanya yake wa Mukurweini, Mama Theuri. Alipotaja hicho cha pili nilichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Niseme ukweli, nimemwonea wivu Mama Theuri miaka ishirini na miwili. Binti yangu Njoki aliolewa na mwanawe, na kwa desturi yetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Basi mtoto akaitwa Wakonyo, jina la Mama Theuri. Lakini wazazi walikuwa na duka kule Kenol, na mtoto nikamlea mimi. Akiwa na surua alilala mgongoni kwangu siku tano. Na bado watu wakimwona barabarani walisema, "Wakonyo huyo!" nami nilisikia kama wanamsifu mwenye jina.

Sasa ruracio yake, siku ya wazazi wa mchumba kuleta mahari, ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kwetu hakuna neno linalosemwa kabla wageni hawajanywa uji uliochacha. Njoki alikuwa ametuambia sisi nyanya wawili tupike kila mtu wake, Wakonyo aonje, achague mmoja uende mbele ya wageni. Nilitaka uwe wangu. Jina alikuwa ameshapata yeye.

"Kwa hivyo wamejaa humo ndani?" nikauliza.

"Mamilioni, Cucu! Kila kijiko."

Alisema kwa furaha, lakini mimi niliwaza picha za vidudu zilizobandikwa kwenye kliniki, na ndoo ya Mama Theuri niliyoiona Krismasi, nyeupe na kung'aa. Mtungi wangu una ukoko mweusi ndani tangu Njoki akiwa msichana. Sijawahi kuuosha, kila mara huacha bakuli moja la uji wa zamani chini, liwe mbegu ya uji mpya. Nikaona Wakonyo akifika Mukurweini na kusema, kwa Cucu wa Tetu kumejaa vidudu.

Alipoondoka na kichupa chake kilichojaa, nilichemsha maji. Nikamwaga mbegu yote nje, kuku wakaila. Nikausugua mtungi kwa steelwool, nikautia dawa ya kung'arisha nguo, nikauanika. Kisha nikakoroga unga mpya wa mahindi na mtama, nikafunika, nikangoja.

Kifuniko hakikugonga. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Jumamosi nilifunua nikakuta utelezi na harufu ya panya aliyekufa.

Nilimpigia Wakonyo simu. Alikuwa Mukurweini.

"Cucu, hao hawakuwa wa ugonjwa," akasema polepole, kama anayemwambia mtu habari za msiba. "Hao ndio walinzi. Wanafanya uji uwe mchachu, na wale wa kuozesha hawawezi uchachu. Umewafukuza wenye nyumba, wezi wakaingia."

"Wengine si watakuja?"

"Wako kwa unga, lakini ni wachache, na baridi hii itawachelewesha. Nami niko na mtihani Jumatatu."

"Basi Mama Theuri apike peke yake," nikasema, na neno hilo lilikuwa chungu kuliko ule uji.

Jumatano nikasikia bodaboda mlangoni. Mama Theuri akashuka, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso.

"Mama Njoki! Ati uliosha mtungi na dawa ya choo?"

"Ilikuwa ya nguo."

"Aa, hapo sawa. Uji ungetoka mweupe kama shati la padri."

Sikucheka. "Umeniletea wako nionje, nijue nimeshindwa na nini?"

Akafungua leso. Ndani kulikuwa na mtungi mdogo wa udongo, kifuniko kimelegezwa. "Huu si wangu. Huu ni wako. Kile kichupa Wakonyo alichojaza hapa kilikuwa kwenye friji yangu ulipopiga simu. Akanimiminia nusu kabla ya kurudi chuo. Nimewalisha unga siku nne, karibu na moto, mbali na ndoo yangu wasichanganyike. Hata mwiko wao ni wao."

Nikachovya kidole. Uchachu ulitangulia, mkali, kisha utamu wa mtama ukafuata taratibu. Ulikuwa wangu.

"Ungeacha wafe," nikamwambia. "Uji wako ungeenda mbele ya wageni bila shida."

"Nilifikiria hivyo njia yote hadi Nyeri mjini, usidhani sikufikiria. Lakini wewe umelisha Wakonyo wangu miaka kumi na minne. Kulisha hawa wako siku nne ni nini?"

Hata hapo nilimwonea wivu, kwamba wema huo ulimjia yeye kwanza.

Tuliusuuza mtungi mkubwa kwa maji matupu hadi harufu ya dawa ikaisha, tukamimina mbegu, tukaongeza unga. Mvua ikamzuia, akalala kwangu. Alfajiri tukasikia: tok. Tok. Akanishika mkono.

Jumamosi ya ruracio Wakonyo alionja uji wa pande zote mbili, akafumba macho, akachagua wangu. Nilikuwa nimengoja dakika hiyo miaka ishirini na miwili. Lakini nilimwona Mama Theuri akiitazama ndoo yake iliyojaa, na yale macho niliyajua. Ni yangu.

Nikachota kibuyu cha kwanza, kile cha mgeni mkuu, nikampelekea yeye. Wageni walipokwisha kuondoka nikamfuata alipokuwa akifunga ndoo.

"Nimiminie kidogo humu kwa mtungi mdogo," nikamwambia. "Nitawalisha kando ya moto, na mwiko wao. Siku nyingine ni wewe utaosha ndoo."

"Mimi si mjinga kama wewe," akasema, na akamimina.

"Basi urudi uwaone, Mama Theuri. Rudi Tetu hata mwezi ujao. Na ulale, uwasikie wakigonga."