Tangi Katika Chumba cha Mtoto

Tangi lilikuwa limefunikwa shuka. Fundi wa miwani alisimama mlangoni, mkoba ukiwa bado begani, akalitazama lile shuka la maua ya samawati lililotandazwa juu ya kioo na kubanwa pembeni kwa vibanio vya nguo, jinsi mtu anavyomfunika mgonjwa asipigwe na baridi. Kisha harufu ikamfika. Ilikuwa harufu tamu ya mafuta ya taa yaliyochanganywa na marashi ya bei rahisi, ikamkaba koo hata kabla hajaitambua.

Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, amempa mgongo. Pembeni yake palikuwa na kopo la dawa ya mende.

"Usiwe na wasiwasi na samaki wako," alisema bila kugeuka. "Nimewafunika kwanza ndipo nikapuliza."

Aliyasema hayo kwa sauti ambayo mumewe hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, sauti ya mtu aliyeamka na kufanya kazi ya maana, sasa anangoja kuambiwa ahsante.

Ahsante haikuja. Masikio ya mume yalikuwa yamenasa mngurumo mdogo nyuma ya mlango, pale sakafuni, ambako pampu ya hewa ilikuwa ikiendelea na kazi yake kama siku zote: inavuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji. Alichomoa waya ukutani. Akatupa mkoba, akafunua shuka.

Kamba mwenye mistari myekundu, yule aliyezoea kumpanda mkononi na kumdonoadonoa kucha, alikuwa chali mchangani, miguu inamtetema. Kaa wadogo waliokuwa wakiishi ndani ya magamba ya konokono walikuwa wametoka wote, wamelala uchi kando ya nyumba zao. Samaki wa manjano alikuwa akiogelea ubavuubavu, akijigonga kwenye mawe. Na matumbawe, ambayo asubuhi ile aliyaacha yamechanua, yanapunga vidole vyao vya kijani na zambarau, yalikuwa yamejikunja yote, utadhani yamefumba ngumi.

"Fungua madirisha," alisema. "Yote."

Mkewe aliyafungua, kisha akaja akasimama nyuma yake. Akaona.

"Lakini nilifunika."

"Pampu inavuta hewa ya humu humu."

"Sikujua."

"Ungeuliza. Simu unayo." Alikuwa amezamisha mkono majini, anajaribu kumwinua kamba kwa ncha za vidole, na kamba hakuwa tena na uzito wa kitu kinachoishi. "Muda wote huu hukukanyaga chumba hiki. Leo umeingia mara moja tu. Hakuna kinachobaki hai mikononi mwako."

Neno likishatoka halina pa kurudia. Alilisikia likitua katikati ya chumba, akatamani sakafu ipasuke immeze. Kwa maana chumba hicho hakikuwa cha samaki. Kuta zake walizipaka wenyewe rangi ya maziwa, yeye juu ya ngazi, mkewe chini na tumbo lake kubwa akimwonyesha alikoruka bila kupaka. Binti yao alizaliwa kimya. Baada ya mazishi, fundi alilihamisha tangi kutoka sebuleni akalileta humu, palepale palipokuwa pamepangwa kitanda kidogo, akasema sebuleni jua linawasumbua samaki. Mkewe hakubisha. Tangu hapo mlango huo ukawa wa mmoja wao tu.

Mwanamke hakulia. Aliposema, alisema kwa utulivu.

"Niambie la kufanya."

"Nawa kwanza. Dawa imekuganda mikononi. Nawa mpaka viwiko, usuuze sana."

Akaenda. Fundi akampigia simu muuza samaki, mtu ambaye wateja wake walimwita Chumvi kwa sababu mbili: aliuza chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, na hakuweza kusimulia jambo lolote bila kuitia. Siku hiyo lakini Chumvi hakupamba neno. Aliuliza dawa gani, imepulizwa saa ngapi, na je, kuna maji safi ya chumvi yaliyokwisha kutengenezwa. Yalikuwapo, pipa moja jikoni, ya kubadilisha mwisho wa juma. Basi watoe walio hai, alisema Chumvi, wawatie kwenye ndoo za maji hayo. Waweke makaa ya kuchujia katika chujio, mengi, hata wakidhani yamezidi. Wasiiwashe pampu mpaka chumba kiishe harufu. Yeye anapakia madumu ya maji garini, yuko njiani.

Alipokata simu alisikia bomba la jikoni linatiririka. Liliendelea kutiririka. Akatoka, akamkuta mkewe ameinama juu ya sinki anajisugua mikono kwa brashi ya sufuria. Alisugua viganja, akasugua kati ya vidole, akarudia viganja. Ngozi ilikuwa imegeuka nyekundu.

"Inatosha," alisema.

"Bado."

"Imetosha, mke wangu."

Akamshika kifundo cha mkono, akafunga bomba. Hawakutazamana. Ndoo zilikuwa pale chini ya meza. Kila mmoja akachukua yake.

Kazi ile haimwachii mtu nafasi ya kununa. Mmoja ashike mpira unaonyonya maji, mwingine aangalie ndoo isifurike. Mmoja anyanyue jiwe taratibu, mwingine apitishe wavu chini yake. Walifanya hivyo bila kusemezana zaidi ya "shika," na "ngoja," na "hapo hapo." Samaki wa manjano alikufa ndani ya wavu, kati ya tangi na ndoo. Mkewe ndiye aliyekuwa ameushika. Alisimama na kile kitu kidogo mkononi, hajui akiweke wapi, mpaka mumewe alipomtandikia kitambaa.

Chumvi alifika jasho linamtoka, dumu kila mkono, akaliinamia tangi muda mrefu. Kisha akamgeukia mwanamke.

"Pole, shemeji. Hili hata mimi limenipata. Nilifuta kioo kwa dawa ya madirisha, nikaua matangi matatu." Akasita, akajikuna shingo. "Lilikuwa moja. Lakini nililia machozi ya matatu."

Kitu kilichokaribia kuwa tabasamu kikapita usoni kwa mwanamke na kuondoka.

Walibeba maji, wakamwaga maji, wakabeba mengine. Nyuma ya nyumba, shimo la maji machafu lilikuwa likinukia bahari na sumu. Jua lilipoanza kulegea Chumvi alinawa, akasema alivyoona. Kamba na kaa wamekwisha, asiwadanganye. Konokono wengine wataishi. Samaki wawili wa rangi ya machungwa walio ndooni wanahema kwa shida. Huenda wakapona, huenda wasipone. Na matumbawe?

"Matumbawe yana subira kuliko sisi," alisema. "Yanaweza kujifunga hivyo kwa siku nyingi yakiwa hai, na yanaweza kujifunga yakiwa yameshakufa. Kwa macho huwezi kujua. Badilisha maji, badilisha makaa, usiyaguseguse."

Akakataa hata glasi ya maji, akaenda zake.

Wakabaki wawili sakafuni, migongo ukutani, ndoo katikati yao. Madirisha yalikuwa wazi na upepo ulikuwa umeanza kusafisha chumba. Fundi alivua miwani yake iliyotapakaa chumvi, akaifuta kwa pindo la shati, akaiangalia, akaifuta tena.

"Lile neno," alianza.

"Nimelisikia."

"Sikukusudia..."

"Usilifutefute kama hiyo miwani. Umelisema, nimelisikia. Sina nguvu ya kukusaidia kulibeba leo."

Akaikunja miwani. Alistahili kunyamazishwa.

Mkewe akanyoosha mkono kabatini, akatoa kofia ndogo ya kufuma. Upande mmoja ilikuwa na tundu.

"Mende walikuwa wameziingia nguo zake," alisema. "Nimeamka leo nikasema nitafungua kabati hili, basi, nifungue tu, nione kama naweza. Nikafungua. Nikakuta wanatembea juu yake. Nikasema, hata hizi? Hata hizi zichukuliwe?" Aliingiza kidole katika tundu la kofia. "Ndipo nikaenda kutafuta kopo. Na nikakumbuka samaki wako. Nikatafuta shuka safi."

 Fundi alitaka kumgusa bega, mkono ukaishia hewani, ukarudi gotini.

"Nilikuwa nakusikia," mkewe akaendelea. "Ukuta huu ni mwembamba. Kila jioni ukiwalisha unazungumza nao. Mwanzo nilidhani uko kwenye simu. Halafu nikasikia unawaambia habari za nywele. Kwamba zilikuwa nyingi. Kwamba zilikuwa zimelala upande mmoja, kama zimechanwa."

Fundi alifumba macho. Siku ile madaktari walikuwa bado wanampigania mama. Aliyeitwa chumba cha pili kumpokea mtoto aliyefungwa kwenye taulo ni yeye. Mkewe alipopata fahamu, siku zilikuwa zimepita, na wakubwa wa familia walikuwa wamekwisha kuzika. Fundi alimwambia kwamba mtoto alikuwa wa kike, kwamba hakuumia. Mengine yalimshinda. Kila alipofungua kinywa aliona uso wa mkewe ukijiandaa kupokea, naye akarudi nyuma, akayapeleka kwenye maji yasiyouliza swali.

"Mimi sikumwona," alisema mkewe. "Nilimbeba muda wote ule na sikumwona. Nilikuwa natega sikio ukutani kama mwizi, niokote hata neno moja. Siku nyingine mashine zako zilinguruma, sikupata kitu."

"Nilidhani nitakuumiza."

"Ulidhani sijaumia?"

Ndani ya ndoo mmoja wa samaki alipanda juu, akavuta hewa, akazama tena. Mwingine alikuwa ametulia chini, mashavu yakifunguka na kufungika polepole mno. Wote wawili wakainama kumtazama. 

"Sasa mashine zimezimwa," mkewe alisema. Alisogeza ndoo kando, akajivuta mpaka bega lake likakaribia la mumewe, lisiliguse. "Niambie mimi."

Fundi aliivaa miwani, akaivua tena, akaiweka sakafuni.  Mkewe akangoja, macho yameelekea kinywani mwake kama ya mtu asiyesikia vizuri.

Akaanzia kwenye masikio ya mtoto, ambayo yalikuwa ya mama yake kabisa, na hilo la kushoto, alisema, lilikuwa limekunjika kidogo juu, kwa jinsi alivyokuwa amelilalia.