Tutamleta Mama

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, Abshiro alisugua kifuniko cha sufuria kwa majivu, akakisuuza kwa maji kiduchu, maana maji ya kijijini yalikuwa ya kupimiwa, kisha akakitundika ukutani na kukitazama. Lango la boma lake la zamani likatokea, lile la matawi ya miiba, wazi kama lilivyoachwa siku walipoondolewa. Hapakuwa na mtu. Akahamia kwenye birika. Birika lilionyesha kisima, kimepinda kidogo kwa sababu ya tumbo la birika lenyewe. Sinia lilionyesha njia ya kwenda Ijara, na kopo kubwa la samli lilionyesha zizi la ngamia. Kioo kidogo ambacho marehemu mumewe alinyolea ndevu kilionyesha ndani ya kibanda, na humo ndimo alimokuwa mwanawe Ogle, amelala, mguu mbovu ameuegemeza kwenye gogo.

"Bado amelala," Abshiro alimwambia jirani yake Bishara, aliyekuja kuomba moto.

"Alhamdulillahi," akasema Bishara, akachukua kaa lake akaenda zake.

Ulikuwa mwaka wa sitini na saba. Serikali ilikuwa ikipigana na shifta, waasi wenye silaha, na kwa kuwa shifta na mchungaji huvaa shuka moja na kunywa kisima kimoja, iliamriwa wachungaji wote waingizwe katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Atakayeonekana nje ya seng'enge atahesabiwa kuwa shifta. Ndivyo mambo yanavyorahisishwa ofisini: ukishindwa kumjua mtu kwa sura yake, unamjua kwa upande wa waya aliosimama.

Malori yalipokuja kuwachukua, watu hawakupewa nafasi hata ya kufunga mizigo sawasawa. Ngamia walioonekana walichukuliwa, na mpaka leo hakuna aliyeambiwa walipelekwa wapi. Ogle hakuwapo. Alikuwa ametoka kumtafuta ngamia jike aliyepotea. Sasa, watu wa kuhamahama wana utaratibu wao: aliyepotezana na wenzake harandi ovyo porini, hurudi pale moto wa mwisho ulipowaka, akaketi, akangoja warudi kumchukua. Ogle alifundishwa hivyo tangu hajang'oka meno ya utoto. Alirudi na mwiba umemwingia wayoni, akakuta majivu na kibanda kimoja kilichosahauliwa, na ndani yake garbasari kuukuu ya mama yake, ule mtandio mkubwa wa kike. Akaketi kungoja.

Vyombo vilianza kuonyesha mara tu watu walipokwisha kujipanga kijijini, na si vya Abshiro peke yake. Sinia la Bishara lilionyesha uwanja mtupu walipokuwa wakikaa, mchanga na upepo, mpaka akachoka kuutazama akawa analipakulia tu. Mzee Kerrow alikuwa na kijiko kilichoonyesha kaburi la mkewe, naye alikitia mfukoni kila aendapo. Hakuna aliyeona la ajabu. Vyombo vilikuwa vimekaa kule miaka mingi, vimezoea, na mazoea hayaondolewi kwa lori.

Tatizo ni kwamba havikuwa na sauti. Abshiro alishinda kutwa akimfuata mwanawe kutoka chombo hadi chombo. Ogle akitoka kiooni, aliingia kwenye kifuniko akichechemea; akipotea kwenye kifuniko, Abshiro alingoja kidogo, akamkuta kwenye birika akiinamia kisima. Mguu ulikuwa umevimba. Chakula chake kilikuwa matunda ya porini, na siku nyingine hata hayo hayakuwapo. Abshiro aliyaona yote hayo akiwa amekaa mkekani, na kila alipoyaona moyo ulimkatika upya. Alisema naye hata hivyo, kama mama yeyote angefanya.

"Hooyo, funga kidonda. Hooyo, usikae njiani, ingia ndani. Hooyo wangu."

Hooyo kwa Kisomali ni mama. Lakini mama wa Kisomali humwita mtoto wake hivyo hivyo, awe wa kike au wa kiume, awe mchanga au ana ndevu. Anamrudishia jina lile lile analoitwa. Ni neno la mapenzi na halimchanganyi mtu yeyote aliyezaliwa nalo.

Musyoka hakuzaliwa nalo. Alikuwa karani kutoka Kitui, kijana mpole, kazi yake kupita kila asubuhi kuhesabu watu ili ijulikane kama kuna aliyetoroka. Kisomali alikuwa na maneno machache tu: nabad kwa kusalimia, biyo kwa maji, na hooyo kwa mama, maana ndivyo alivyosikia watoto wakiwaita mama zao. Kwa heshima hakuingia kwenye vibanda vya wajane. Alisimama mlangoni, na kutoka mlangoni kwa Abshiro alikiona kile kifuniko peke yake, kinachoonyesha lango.

Asubuhi moja ya baridi aliona kwenye kifuniko mtu ameketi karibu na lango, amejifunika garbasari ya kike gubigubi, amejikunyata. Ndani alimsikia Abshiro akisema kwa sauti ya kubembeleza, hooyo, hooyo. Musyoka akavua kofia. Alimkumbuka mwaitu wake, mama yake, aliyemwacha peke yake mlimani kule Kitui.

"Nabad, mama," alisema. "Huyu unayemwita yuko peke yake?"

Abshiro alitoka mbio. Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumuuliza habari hiyo.

"Iko beke yake!" alisema. "Beke yake kabisa. Mguu iko mbaya. Chakula hakuna."

"Anaweza kutembea mpaka hapa?"

"Hawesi. Nasema kwa mkubwa yako alete yeye. Mimi naomba. Shifta hakuna hata moja huko, wallahi. Iko yeye tu."

Kiswahili ni lugha ya adabu. Hakiulizi kama yeye ni wa kike au wa kiume, kijana au mkongwe. Musyoka aliuona mguu mbaya, akauona unyonge, akaiona garbasari. Akayajumlisha.

"Nitasema na afande," akaahidi. "Usilie. Tutamleta mama."

Alichosema Musyoka ni kwamba watamleta mama yake. Alichosikia Abshiro ni kwamba watamleta, na kwamba yeye Abshiro, mjane wa seng'engeni ambaye askari humwita we mwanamke, ameitwa mama kwa heshima. Machozi yalimtoka.

"Mungu akube," alisema. "Mungu akube kila kitu."

Afande alikuwa mtu wa bara pia, mnene, aliyeumwa na jino miezi yote aliyokaa pale. Alimsikiliza Musyoka akiwa ameshika shavu.

"Ameonekana wapi?"

"Kwenye kifuniko cha sufuria, afande."

"Ajuza?"

"Ajuza, afande. Amebaki peke yake, hawezi kutembea."

Afande aliwaza. Angekuwa kijana mwanamume, jibu lilikuwa tayari. Lakini ajuza aliyesahauliwa porini ni aibu, na aibu huwa inafika Nairobi. Akatoa gari na askari.

Siku ya kwenda, Abshiro aliazima sukari kwa Bishara. Alitandika mkeka, akaweka shuka safi juu yake, akachemsha maji ya chumvi kwa ajili ya mguu. Wanawake wa kijiji waliingia mmoja mmoja wakaketi, mgongo ukutani, kila mmoja akitazama chombo kilichomwelekea. Walipiga soga. Mmoja alisema Ogle amekonda kama mpini, inabidi anyweshwe mchuzi kwanza kabla ya nyama. Mwingine akasema sasa aozwe haraka, kabla hajapotea tena. Abshiro alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu lori.

Gari liliingia kwenye sinia. Kwanza vumbi, halafu lenyewe.

Ogle alikuwa kwenye kopo la samli, upande wa zizi. Alisikia muungurumo, akajifunika garbasari kichwani akachuchumaa. Kwenye kifuniko askari walishuka langoni, na Musyoka nyuma yao. Walitia mikono midomoni wakaita. Wanawake waliona midomo ikifunguka na kufumba, ikifunguka na kufumba, neno moja fupi.

Ogle aliinua uso. Akasikiliza. Kisha akatabasamu, tabasamu pana la utotoni ambalo Abshiro alikuwa amesahau kwamba bado analo. Garbasari ikamdondoka. Akasimama, kijana mrefu kifua wazi, akakimbia kwa kuchechemea, mikono ameitanua, akatoka kwenye kopo, akaingia kwenye kifuniko, na karibu na lango akaanguka.

"Amejikwaa," alisema Bishara. "Mguu ule."

Wakangoja ainuke. Musyoka alionekana ameshika kichwa kwa mikono miwili. Askari mmoja alimwendea Ogle akamgeuza kwa kiatu. Maji ya chumvi yalichemka jikoni mpaka yakakauka, na hakuna aliyekwenda kuyaepua.

Musyoka alikuja kabla ya magharibi. Safari hii hakusimama. Aliketi chini, mlangoni, kwenye vumbi.

"Tulikuta mwanamume," alisema. "Alitujia mbio na askari wakaogopa. Mama hatukumkuta. Nimemtafuta kila mahali, mpaka kisimani."

"Mama gani?" akauliza Abshiro.

"Mama yako. Uliyekuwa ukimwita."

"Mama ni mimi," alisema Abshiro.

Musyoka hakuelewa. Abshiro akasema tena, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, huku machozi yanamchuruzika bila yeye kuyafuta.

"Mama yangu nakufa samani. Huyo mtoto yangu. Sisi mtoto naita hooyo. Yeye naita mimi hooyo, mimi naita yeye hooyo. Yote sawa."

Lililobaki Musyoka alilisema mwenyewe, na kwa hilo apewe haki yake.

"Tuliambiana huyo bibi kizee ataogopa bunduki. Kwa hiyo niliwaambia askari wamwite vizuri. Waliita Mama. Mama! Mama!"

Ogle alijua Kiswahili kidogo, cha mnadani. Neno hilo alilijua. Alisikia sauti za watu wakipaza langoni, mama, mama, akajua kwamba utaratibu haukumdanganya, kwamba wamerudi pale pa moto wa mwisho, na kwamba mama yake yumo ndani ya gari. Ndiyo maana alikimbia. Abshiro alilifahamu hilo kabla Musyoka hajamaliza, na alitoa sauti ambayo kijiji kizima kilisikia, hata afande aliyekuwa ameshika shavu lake.

Hawakumzika. Askari walisema hakuna ruhusa ya kuchelewa. Musyoka alipata nafasi ya kumfunika garbasari na kuburuta matawi ya miiba ya boma juu yake, ili fisi wasimguse. Mikono ilimchanika chanika, na aliificha ndani ya mikono ya shati.

Abshiro aliomba kibali cha kwenda kumzika mwanawe. Afande alijibu kwamba aliye nje ya seng'enge ni shifta, na shifta hana mazishi. Akaongeza kwamba vyombo vya mwanamke huyu vinaona nje, tena ndivyo vyenye shifta ndani, hivyo ni vya usalama wa taifa. Vikachukuliwa. Kifuniko, birika, sinia, kopo na kioo vilipigiliwa misumari ofisini, na askari akawekwa kwenye kiti kuvitazama kwa zamu.

Kila asubuhi askari wa zamu aliripoti.

"Shifta mmoja, afande. Hajasogea."

"Aendelee kuangaliwa," alijibu afande.

Abshiro alikuja dirishani kila siku na hakuna aliyemfukuza. Alisimama upande wa nje, akatazama lile rundo la miiba langoni, akamsomea mwanawe Yasini. Wanaume wa kijiji walimsalia Ogle sala ya aliye mbali, safu zimenyooka, seng'enge mbele yao. Musyoka aliomba uhamisho, akapewa. Siku ya kuondoka alipita kwa Abshiro kuaga, akasimama mlangoni akakosa la kumwita, akaenda.

Kisha mvua zikaja. Kule bomani palinyesha vizuri kuliko miaka yote, na palipokuwa na mbolea ya ngamia na mbuzi wa miaka mingi nyasi zilipanda mpaka kifuani kwa mtu. Lango likamezwa. Asubuhi moja askari wa zamu alisema haoni shifta tena. Afande alikuja mwenyewe, akatazama chombo kimoja kimoja, akaamuru ripoti ipelekwe kwamba eneo limetulia, na mwanamke arudishiwe vyombo vyake apikie.

Abshiro alivipokea dirishani. Akaomba kibali tena.

"Kwenda kufanya nini?" akauliza afande, bila ukali. "Tazama mwenyewe. Ni majani matupu."

Abshiro alitazama kwenye kifuniko. Yalikuwa majani kweli, mabichi, yakiyumba kwa upepo usio na sauti, na langoni, sehemu moja ya urefu wa mtu aliyelala, yalikuwa yameota marefu kuliko kwingine kote.