Mpini wa Kushoto

Watu wengi wakilala na hasira huamka zimepoa. Za Lamar Tidmore zilianza Jumapili, na kila alipoamka alizikuta zimeiva zaidi. Jumanne asubuhi alizipakia kwenye pikapu yake, zikakaa naye kiti cha mbele pamoja na boksi la zawadi, wakaenda wote dukani kwa Bi Opal Sizemore.

Ndani ya boksi mlikuwa na rili, kile kikunjio cha uzi, ya kuvulia samaki aina ya besi, ile inayokaa juu ya fimbo, bobini yake yenye uzi ikiwa wazi. Ilikuwa nzuri na ilikuwa ghali. Wanaume wa kanisa walichangishana kuinunua, kaka yake Royce akiwa mbele, na baada ya ibada walimsimamisha Lamar mbele ya watu wakamkabidhi. Watu walipiga makofi. Nadine, mkewe, alilia. Mchungaji alisema maneno ya kutia moyo kuhusu mtu aliyepoteza kidole gumba cha mkono wa kulia lakini hajapoteza marafiki, na Lamar akashukuru kwa meno yaliyobana, kwa sababu alishaona mpini uko upande gani.

Mpini ulikuwa kushoto.

Sasa, mtu asiyevua anaweza kusamehewa. Ataona mkono wa kulia una kasoro, atasema basi mkono wa kushoto ndio uzungushe. Lakini rili ya namna hii, mkono ulioshika fimbo ndio wenye kazi. Gumba la mkono huo ndilo linalokaa juu ya bobini na kuituliza chambo kikiwa hewani. Likikosekana, uzi unajisokota na kuwa kiota cha ndege mkononi mwako. Kuzungusha mpini ni kazi ya vidole viwili tu, hata bibi kikongwe anaweza. Kwa hiyo mpini ukiwa kushoto, fimbo lazima ishikwe na kulia. Walimpa mtu asiye na gumba rili inayotaka gumba, wakampigia makofi. Na wanaume wale wote wamezaliwa kando ya lile ziwa, wanavua besi tangu wakiwa hawajajua kufunga kamba za viatu.

Hakuna aliyemuuliza. Hilo ndilo lililomchoma. Tangu majani yalipoanza kupukutika, Lamar alikuwa akishinda nyuma ya nyumba yake na rili mbovu ya marehemu baba mkwe, akirusha kwa mkono wa kushoto kwenye tairi kuukuu. Mwanzoni alitupa uzi kila mahali, mpaka kwenye nguo za Nadine zilizoanikwa. Sasa alikuwa akilipata tairi. Fimbo kushoto, gumba la kushoto kwenye bobini, mpini upande wa kulia. Alichohitaji ni rili ya kawaida kabisa, ile ile anayonunua kila mtu, ila nzima. Na alihitaji Royce apige simu.

Maana Jumamosi ilikuwa siku ya mashindano ya kwanza ya msimu, na kiti cha nyuma katika boti ya Royce kilikuwa cha Lamar tangu wote wawili wakiwa na nywele. Mashindano yale ni ya watu wawili wawili. Simu haikulia.

Alipofungua mlango wa duka, harufu ya karanga za kuchemsha ilimpokea, na kwenye kaunta alimwona Royce. Kando ya Royce alisimama Brantley, mume wa binti yake, ana rili tatu mbele yake na uso wa mtu aliyeulizwa swali la hesabu. Royce alikuwa akimweleza achukue ile inayokunja uzi kwa kasi zaidi, maana besi hamsubiri mtu. Kisha akamwona mdogo wake, akajifanya anasoma bei.

"Baba mdogo," akasema Brantley, akivua kofia. "Naambiwa nichukue hii kwa ajili ya Jumamosi. Unaonaje?"

Hivyo ndivyo Lamar alivyojua nani amepewa kiti chake. Brantley hakuwa na hila, aliuliza tu. Lamar alitaka kutoka. Lakini mtu aliyevua maisha yake yote hawezi kuona ushauri mbovu akaupita, hata akiwa amekasirika kiasi gani.

"Maji bado baridi," akasema. "Samaki wako chini, kwenye mawe, wamelala. Ukiwavutia chambo kwa kasi hiyo hawatakiona hata mkia. Chukua hiyo inayokunja polepole. Huyo anayekufundisha anajua, leo tu kichwa chake kimesafiri."

Bi Opal, mjane aliyewauzia chambo babu zao, alicheka akakoroga sufuria yake ya karanga. Lamar akaweka boksi kwenye kaunta na kumwambia anataka kuibadilisha hii, apewe ya mpini wa kulia.

Bi Opal akamtazama kwa huruma, na huruma ilikuwa ndicho kitu cha mwisho alichokihitaji. Akaanza kumwambia kwa upole kwamba hii ndiyo itakayomfaa, kwa hali yake. Lamar hakubishana. Alichukua fimbo iliyokuwa imeegemezwa kwenye kaunta, akaishika kwa mkono wa kulia, akauinua ili kila mtu aone mahali gumba lilipokuwa. Hapakuwa na kitu ila kovu jekundu. Kisha akaihamishia fimbo kushoto, akalaza gumba zima pale bobini inapokaa, na kwa vidole vya kulia akazungusha mpini usiokuwepo.

Bi Opal akaweka mwiko chini.

"Kanisa zima la wavuvi," akasema, "na mimi nikiwa mmojawapo, niliyewauzia. Wajinga watupu. Royce, wewe ndiye uliyeichagua."

"Tulikuwa tunamfikiria yeye," akasema Royce.

"Mlifikiria kidole," akasema Lamar. "Mimi mwenyewe naishi barabara ile ile, nyumba ya nne kutoka kwako. Hukuweza kuja kuniuliza?"

Royce aliangalia rafu za chambo. Bi Opal akatoa rili ya mpini wa kulia, akaifunga kwenye fimbo ya kujaribia yenye uzi, akamwambia Lamar aende nyuma. Nyuma ya duka kulikuwa na beseni la kuogea la zamani, limeota kutu, na kila mtu katika mji ule alishawahi kulirushia kabla hajanunua. Walitoka wote. Lamar alirusha, na uzi ukavimba kwenye bobini ukajisokota, kwa sababu breki za rili zilikuwa zimelegezwa mno na hasira zilikuwa zimemtia haraka. Royce alifungua mdomo. Lamar akamwambia aufunge. Alikaa kwenye kreti akafumua uzi kwa vidole vyake tisa, polepole, akakaza breki, akasimama. Mara ya pili chambo kilipita juu ya beseni. Mara ya tatu kilitua ndani kwa mlio mdogo wa bati, na Brantley akasema loo.

"Vizuri," akasema Royce. "Vizuri kweli. Ila Jumamosi nimeshampa Brantley neno. Wewe bado unahitaji kupumzika, mdogo wangu. Msimu ni mrefu."

Ile sauti ya upole ndiyo iliyomaliza subira ya Lamar. Kumbe makofi yale ya Jumapili yalikuwa ya kumuaga. Walimnunulia kitu kizuri ili asiulizie kiti chake. Aliingia ndani akarudi na boksi, akaitoa rili ya zawadi, ikiwa na uzi wake tayari, akaifunga kwenye fimbo badala ya ile nyingine na kumsukumia kaka yake kifuani.

"Rusha."

Royce alirusha. Alikuwa fundi, na chambo kilitua ndani ya beseni bila kelele. Kisha akafanya kama afanyavyo kila mwanamume wa pale tangu utotoni: akahamishia fimbo mkono wa kushoto na kupeleka wa kulia kwenye mpini. Mkono ukashika hewa. Ukatafuta, ukashika hewa tena, kama mtu anayepapasa swichi katika nyumba ya wenyewe. Brantley alicheka, akajizuia.

"Hiyo ndiyo mliyonipa," akasema Lamar. "Sasa niambie ukweli. Kurusha najua, umeona. Kukunja najua. Kwa nini hunitaki kwenye boti?"

Royce akasema kuhusu baridi, na kidonda, na Nadine atakavyosema. Lamar alimwacha aishiwe. Bi Opal alijifanya anafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Mwishowe Royce akaweka fimbo chini.

"Siwezi kukaa na huo mkono siku nzima," akasema. "Kila ukishika kitu nauona."

"Mkono ni wangu. Mimi nauona kila siku."

"Siyo hivyo." Alivua kofia akaikunja. "Siku ile pale kwenye mteremko wa kushushia boti. Nilisema sikukusikia."

Lamar alikumbuka kila kitu cha siku ile. Alikuwa kwenye trela, mkono uko ndani ya mkanda wa winchi, ile mashine ya kuvutia boti, akifungua boti. Royce alikuwa kwenye usukani wa gari, na nyuma yao foleni ya magari yenye boti, watu wakipiga honi, maana pale hakuna aibu kubwa kuliko kuwachelewesha wenzako kushusha boti alfajiri ya mashindano. Lamar alipaza sauti: ngoja. Gari likarudi nyuma, boti ikainuliwa na maji, mkanda ukakaza na kulikata gumba. Hospitalini Royce aliapa kwamba honi zilimziba masikio. Lamar alimwamini. Aliwahi hata kumtetea kwa Nadine.

"Nilikusikia," akasema Royce. "Nilikusikia vizuri. Walikuwa wanapiga honi, nikaona aibu. Nikasema moyoni utakuwa umeshamaliza."

Brantley alitazama viatu vyake. Lamar alingoja hasira zilipuke, kwa kuwa alikuwa amezilea siku zote hizi kwa ajili ya kitu fulani. Badala yake zilitulia zikawa nzito na baridi, na akaona kwamba hizi ndizo zenyewe, zile za rili zilikuwa watoto tu wa hizi.

"Makofi yote yale," akasema. "Mchungaji, Nadine kulia. Neno moja tu ulikuwa unadaiwa, ukaenda kuchangisha watu."

"Nisamehe, Lamar."

"Hilo ndilo neno." Hakusema kama amesamehe. "Brantley, samahani, mwanangu. Jumamosi utakaa nyumbani."

"Hata mimi nilimwambia akupigie simu," akasema Brantley upesi.

"Majina ya mashindano nayafunga Ijumaa," akasema Bi Opal kutoka kwenye ufagio wake. "Nitabadilisha."

Lamar akaokota ile rili ya mpini wa kulia na kuifuta vumbi kwa shati. Royce alikuwa bado amesimama na kofia yake iliyokunjwa, akiwa kama mtu aliyetua mzigo asijue mikono aiweke wapi.

"Gari nitaendesha mimi," akasema Lamar. "Nitalirudisha mimi majini. Wewe utasimama kwenye winchi."

Royce alikitazama kidole gumba chake cha kulia, kisha akamtazama mdogo wake.

"Na nikisema ngoja?"

"Utajua hapo hapo kama nimesikia," akasema Lamar, akaingia ndani kumngoja Bi Opal amjazie bobini uzi mpya.