Neno Moja la Kiayalandi

Wiki ya tatu sasa Khole alikuwa akipambana kulitafsiri neno moja la Kiayalandi, na neno likamshinda. Alisomea uuguzi Galway, huko Ayalandi, akarudi Maskati na shahada, na lugha hiyo aliyofunzwa na bibi mwenye nyumba wake, na diwani moja ya mashairi ya vita.

Shairi lililomkaa rohoni lilikuwa la mwanamke anayevuka mlima, kijiji kinaungua nyuma yake. Hasemi ana njaa, kwani Waayalandi hawasemi hivyo. Husema: njaa iko juu yangu. Hofu iko juu yangu. Kisha: mtoto yuko juu yangu. Neno lilelile, mara tatu. Kwa Kiswahili likatoka kama maneno ya mtu aliyeangukiwa na kabati.

Adhuhuri Hamdan akapiga simu. Yeye ndiye aliyekuwa akiandaa kikao cha mashairi mtaani Khuwair ya Kusini, ambako Khole angesoma.

"Ukhti Khole, lile la vita tuliache. Watu watakuja na watoto. Soma lile la mvua."

"La mvua halina kitu, Hamdan!"

"Ratiba ishachapwa." Akakata.

Khole akaibwaga simu juu ya meza ya jikoni. Mama yake, Bi Balqees, mwenye miaka themanini na mbili, alikuwa akichagua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Kisa nini?"

Khole akamsomea shairi lote kwa hasira, kama asomaye mashtaka.

"Hivyo hasemi mtu," Mama akasema. "Hofu humvaa mtu. Njaa humvaa. Na mtoto, ukikimbia naye siku tatu, humbebi tena. Kakuvaa."

"Umejuaje siku tatu?"

Vidole vikasimama juu ya sinia. "Unguja, mwaka wa mapinduzi. Dada yangu wameshamuua, nami nna mwanawe mgongoni. Malak."

Khole alimjua Malak tangu utotoni: binamu yake mwenye ghala Rusayl, mwenye sauti kubwa na cheko kubwa zaidi.

"Dada Malak anajua?"

"Anajua mamake kafa kwa homa."

"Mama! Miaka sitini na ushei!"

"Usinipigie kelele."

Khole akaandika, kalamu ikitoboa karatasi: njaa imenivaa, hofu imenivaa, mtoto amenivaa. Likakaa. Akampigia Hamdan mara mbili, hakupokea.

"Basi nimsomee Dada Malak."

Mama akarudia mchele wake. "Msomee. Lakini mwambie la Waayalandi."

Akampigia, akamsomea. Kule ghalani mashine zilikuwa zikinguruma, lakini Malak alisikiliza mpaka mwisho.

"Zuri," akasema. "Maskini wanawake wa Ayalandi. Walipata tabu, ee?"

Khole akamtazama mama yake. Bi Balqees akatikisa kichwa: la.

"Walipata," Khole akajibu, akiifinya simu mpaka vidole vikamuuma.