Orodha ya Wagonjwa

Jumatano, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi ya manyunyu. Mwanga mchache, wa rangi ya majivu, ulisimama mlangoni mwa kanisa kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Ndani, jeneza la mama mmoja, fundi cherehani. Kando yake, katika kiti cha magurudumu, mwanawe wa miaka thelathini na mmoja, mikono imejikunja, ulimi hauna neno. Mama alimwita Jenerali, maana nyumba nzima ilikwenda kwa amri yake.

Mchungaji alisoma wasifu. Aliutoa katika daftari la washirika, kama walivyozoea hapo, akausoma kwa sauti yake nzuri ya misiba: "Marehemu hakujaliwa mtoto."

Kiti kikagonga jeneza. Kikagonga tena. Sauti ikamtoka Jenerali, ndefu, isiyo na herufi, ikapanda mpaka kwenye mabati.

"Mtoeni nje apumzike," mzee wa kanisa akanong'ona.

"Atoke aende wapi?" Mama mdogo wa Jenerali alisimama. "Mchungaji, na huyu ni nani? Benchi?"

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

Mchungaji akafunua daftari. Kwenye kurasa za washirika, Jenerali hayumo. Akafunua kurasa za nyuma, na huko akamkuta, kwa mwandiko wake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka: *mtoto wa fundi*, katika orodha ya wagonjwa.

Hakuwa mgonjwa. Kila Jumapili walimwombea apone, naye hakuwa mgonjwa. Mara tatu mama aliomba mwanawe abatizwe, mara tatu Mchungaji alijibu, "Tuvute subira, mama, mpaka aweze kujibu maswali." Ee Bwana, ulimuumba kwa mfano wako, nasi tukamsubiri afanane nasi.

Mchungaji alishuka madhabahuni, akapiga magoti mbele ya kiti. Miaka yote alizungumza na mama, juu ya kichwa cha mwana. Sasa hakuna mama.

"Akikubali hufumba macho," mama mdogo alisema. "Hukuwahi kuuliza."

"Jenerali, wewe ndiye mtoto wake. Utatia udongo wa kwanza?"

Akafumba macho, machozi yakapita pembeni.

"Utanisamehe?"

Macho yalibaki wazi. Kanisa zima likangoja. Yalibaki wazi.

"Basi usinisamehe," Mchungaji alisema kwa nguvu, watu wote wasikie. "Lakini mbele ya hawa naahidi: sitakuombea tena upone. Jumapili nitakuuliza wewe maswali ya ubatizo, nami nitasubiri jibu lako, hata jua litue."