Buti la Kushoto la Kishindo

Kifurushi kiliingia dukani asubuhi kikiwa kimekazwa kwa kamba ya plastiki, na yeye ndiye aliyewahi mkasi. Kazi yake pale kwenye duka la vifaa vya kuandikia ilikuwa kutoa fotokopi, kubana makaratasi kwa stepla na kuvisha vyeti vya watu plastiki ya moto. Wateja walimwita Dada Fotokopi, naye akaitika, maana jina halichubui. Lakini siku hiyo mashine iliunguruma peke yake. Miaka kumi na minane alikuwa akimsubiri mtu aliyekuwa ndani ya kifurushi kile.

"Taratibu, utajikata," alisema Fundi Mashine, mwenzake wa kaunta, mwanamume wa makamo asiyekosa neno. "Mtu mzima, mama wa mtoto, unahema hivyo kwa ajili ya vikatuni?"

"Wewe humjui Kishindo. Nyamaza uone."

Dada Fotokopi alipokuwa na miaka minane, mguu wake wa kushoto ulikuwa umeachwa nyuma na wa kulia kwa upana wa vidole vinne. Fundi viatu wa mtaani kwao ndiye aliyemwinulia soli, raba juu ya raba, gundi katikati. Gundi haitaki haraka. Basi yeye alikaa benchini, mguu mmoja peku, akisoma majarida ambayo fundi aliyaweka kwa ajili ya wanaosubiri. Humo ndimo alimokutana na Kishindo: mwanamke mpiga pasi, maskini wa Mungu, mwenye buti moja jembamba na moja nene kama tofali. Mchana anapiga pasi mashati ya watu. Wezi wakitokea, anakanyaga mara moja tu kwa lile nene la kushoto, ardhi inayumba, wanadondoka kama nguo zilizokatikiwa na kamba.

Shuleni watoto walikuwa wakimwita Tofali. Kishindo alipoenea mtaani, watoto wale wale walipanga foleni wakati wa mapumziko. "Tuazime kiatu kidogo. Tukanyage mara moja tu." Na fundi, misumari imejaa mdomoni, kila akimaliza kazi alimwambia, "Haya, kanyaga nione. Kibanda kimeanguka?"

"Hakijaanguka."

"Basi hujala. Nenda kale, urudi mwezi ujao."

Kisha jarida likakoma. Halikuaga. Alilifuata mezani kwa muuza magazeti mwezi mzima, mpaka mwenyewe akamwonea huruma na kumwambia asijichoshe. Nakala zake za zamani ziliozeshwa na bomba lililopasuka, na fundi naye alihama, hakuna aliyejua alikokwenda. Na sasa bango lilikuwa limebandikwa mlangoni pa duka: Kishindo amerudi, toleo jipya, namba moja.

Lingekuwa jambo la furaha tupu, kama si lile la Jumanne. Binti yake wa miaka saba, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo, alikuwa amesema huku akichezea kifungo cha sare, "Mama, siku ya wazazi aje shangazi."

"Kwa nini? Mimi nimeshaomba ruhusa kazini."

Chiriku alinyamaza. Chiriku! Halafu akasema polepole, "Shangazi ana viatu vizuri."

Mama mtu aligeuka akaosha sahani zilizokuwa safi. Alipomaliza kuzifuta zote mara mbili, alisema, "Ijumaa nitakuletea mtu. Ana buti kama kiatu changu. Ukishamwona, tutaongea habari ya shangazi."

Ndiyo maana sasa alifuta vidole kwenye gauni kabla ya kufungua jalada. Karatasi iling'aa, rangi zilikuwa tamu, harufu ya wino ilimpanda puani. Kishindo alikuwa akikimbia juu ya mapaa. Mabuti yake yalikuwa ya fedha, mawili, yanalingana kama mayai.

Akafunua. Huenda ni mwanzo tu, akajisemea, buti nene litakuja. Akafunua tena mpaka jalada la nyuma. Halikuja. Huyu wa sasa alirusha radi kwa vidole vya mikono.

"Sasa hicho kishindo kinatoka wapi?" aliuliza kwa sauti.

"Si vidoleni?" alisema Fundi Mashine, akichungulia.

"Vidole havina kishindo! Vidole vina mlio!"

"Dada," aliita mteja kutoka upande wa pili wa kaunta, "cheti changu kinakunjamana humo."

Alikichomoa, akaomba radhi, akakivisha upya huku akiendelea kunung'unika. Fundi Mashine akalishika jarida, safari hii bila utani. "Labda waliona wamponye."

"Nani aliwaambia anaumwa?"

Jioni alitaka kuliacha dukani. Lakini ahadi ni deni, na mtoto ndiye mdai asiyesahau. Alilinunua. Chiriku alilipokea mlangoni, akakaa chini, akatafuta ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata miguu tu.

"Mbona buti halipo?"

Uongo ulimjia mdomoni ukiwa umeshaiva. Akaumeza. "Hawakulichora."

"Wamesahau?"

"Sijui, mwanangu. Labda hawakulipenda."

Chiriku alifunga jarida. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kitu alichokuwa anakijua. Mama aliuona uso ule, akavua mtandio.

"Sogeza kiti. Huyo ni mgeni wao. Nitakuonyesha wangu."

Akasimulia kwa mwili mzima. Akapiga pasi hewani, akawa mwizi, akawa polisi mnene anayefika wakati kazi imekwisha. Ilipofika zamu ya buti, akainua mguu wa kushoto na kukanyaga sakafu. Vijiko vikalia kabatini. Mara jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.

"Umesikia? Jambazi ameomba msamaha!"

Chiriku alicheka mpaka akalala chali. Mama naye akacheka kicheko chake kikubwa kinachovuka kuta. Mtoto alipoinuka, alisema, "Nijaribu."

Mama akakivua kiatu cha kushoto. Chiriku hakuwahi kukivaa. Alikuwa akikisogeza tu wakati wa kufagia. Akatumbukiza mguu, akajaribu kunyanyua, akayumba, akashika meza.

"Kizito! Unakibeba kila siku?"

"Kila siku."

"Mpaka kazini?"

"Mpaka kazini, mpaka sokoni. Na wewe mgongoni, ulipokuwa hujui kutembea."

Chiriku alikitazama kiatu, kisha akalitazama jarida pale sakafuni. "Huyu mpya asingeweza," alisema. Akavua, akakibeba kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya mama kwa adabu kama anayempa mgeni maji.

"Siku ya wazazi ni saa tatu," alisema. "Usichelewe."

"Na shangazi?"

"Shangazi hajui hadithi yoyote. Mimi nimeshaanza kufikiria nitakavyowaambia wenzangu." Uso ukajikunja. "Ila, mama, tafadhali usicheke. Ukicheka darasa zima linageuka."

"Sitacheka," alisema mama, na kicheko kilikuwa kimeshamfika kooni.